Refarii Wangu Kimanzi

Jumatatu, 2 Juni
Mama amepiga simu kutoka Gatuanyaga. Mwezi ukiisha bila kazi, nifunge chumba hapa Kimbo nikachunge mbuzi. Mimi Maluki, mwenye diploma! Na wale mbuzi hatujawahi kuelewana.
Lakini Mungu ni nani! Kampuni moja ya chakula cha kuku hapa Ruiru inatafuta mtu wa kupokea simu za wateja. Kazi ya kukaa chini. Niliumbiwa hiyo.

Jumanne, 3 Juni
Nimempelekea Kui, mchapaji wa pale cyber, CV yangu. Kurasa sita. Alisoma bila kucheka mpaka "Meneja wa Mifugo na Ulinzi", akauliza kama ni wale mbuzi wa mama. Akasema mwajiri hana siku nzima: ukurasa mmoja, la maana lije juu. Akafuta "kusafiri" kwenye hobi, ati Gatuanyaga mpaka Kimbo si safari. Msichana ana akili, haki! Karatasi ilitoka safi, hata mimi ningejiajiri.
Ikabaki refarii, yaani mtu wa kupigiwa simu anisifu. Kui alishauri pasta. Pasta hasemi uongo. Nikaandika: Bw. Kimanzi, Mkurugenzi Mkuu.
Kimanzi ni binamu yangu kule Gatuanyaga. Ana boda.

Jumatano, 4 Juni
Nimemfundisha Kimanzi kwa simu. Aseme "kampuni yetu". Akae mbali na mbuzi. Ana sauti, huyo mtu! Akikusalimia tu, unajisikia umeshiba. Kanisani yeye ndiye aliyekuwa akisomeshwa Biblia mbele, mimi nikishika kikapu cha sadaka. Sina wivu.

Ijumaa, 6 Juni
Madam Ngendo, yule wa kuajiri, amempigia! Kimanzi anasema alianza kwa kumwomba radhi kwa kumngojesha, akamuuliza siku imekuwaje, kisha akanisifu mpaka yeye mwenyewe akaguswa. Mbuzi akalia karibu. Kimanzi akasema samahani Madam, na mteja huyo pia atahudumiwa. Madam akacheka!
Nimenunua tai.

Jumatatu, 9 Juni
Madam amenipigia. CV yangu ndiyo nadhifu kuliko zote mezani, ndiyo maana alitaka kusikia zaidi. Nikashukuru. Akaniomba namba nyingine ya Kimanzi, ati ile ya kwanza haipatikani.
Kumbe alipomuuliza kampuni ina wafanyakazi wangapi, jamaa alishindwa, akasema ukweli wote: boda moja, tena ya mkopo. Madam anasema uongo wetu haukumpendeza, lakini hajawahi kusikia mtu akipokea simu vizuri namna ile. Na kazi ni ya kupokea simu.
Nimekaa kitandani na tai yangu. Imeniuma sana. Lakini tuseme ukweli, Kimanzi ni moto. Na nani alikigundua kipaji hicho? Mimi!

Ijumaa, 13 Juni
Kimanzi amepata kazi. Ameniuliza kama chumba changu kitabaki wazi.

Jumanne, 1 Julai. Gatuanyaga.
Nimeng'amua siri. Anayetafuta kazi hapati. Anayepata ni refarii! Kabla ya kuondoka Kimbo niliomba watu waniandike kwenye CV zao. Kui amekubali, ati kwa huruma. Sasa mimi ni Mkurugenzi Mkuu mahali kadhaa. Nimepanda kichuguu penye network, nafanyia mbuzi mazoezi ya ile sauti.
Simu imelia! Nikaomba radhi kwa kumngojesha, nikauliza siku imekuwaje.
Alikuwa Mama. Mbuzi wamo kwenye mahindi ya jirani.
Lakini nilipokea vizuri sana.