Raia Wetu wa Montrel

Inatangazwa kwa fahari kwamba mwaka 1966 Idara ya Ruhusa, Maskat, ilipata raia wapya elfu moja na mia mbili bila hata mmoja wao kuomba. Mimi Mahfoudh, karani wa idara, nilikuwepo.

Ilianza kwa barua ya Kifaransa. Mkuu wetu, Sheikh Thabit, aliigeuza juu chini, akasema ameielewa, ila aitwe mtu wa kuthibitisha. Akaitwa Kheiria, aliyekuja kutoka Unguja baada ya mapinduzi. Kifaransa alikipata kwa majirani Wangazija. Tulimjua sana. Mwaka wa pili huo alikuwa akija kila Jumamosi kumwombea ruhusa mama yake aliyebaki kule peke yake, nasi kila Jumamosi tukimrudisha, kwani mama hakuwa na mashahidi wawili wa kuapa kwamba ni mtu wetu.

Kheiria akasoma. Montrel ni mji mdogo wa Ufaransa, watu elfu moja na mia mbili, kando ya mto. Kanisani mwao mna kitambaa cha kale kilichofungia mifupa ya mtakatifu, na kila mwaka watu hupanga foleni kukibusu. Kina maandishi ya Kiarabu. Yanasemaje? Picha ilikuwa ndani ya bahasha.

Herufi zilikuwa za kizamani, zimesukwa kama mkeka. Kheiria akazitazama kitambo.

"La ilaha illa Allah," akasema.

Kamati ya idara ikakaa siku tatu, ikaamua: waliobusu maneno hayo miaka mia nane ni watu wetu, wala wasisumbuliwe na mashahidi.

"Na mama yangu, Sheikh? Yeye huyasema kila siku."

"Huyasema, binti. Hajayabusu. Usituchanganyie mafaili."

 Kheiria akaomba karatasi, akaandika majibu kwa Kifaransa. Barua mbili.

"Mbili za nini?"

"Mto umeupasua mji, Sheikh. Kila ng'ambo na yake."

"Ndivyo nilivyosoma," akasema Sheikh, akagonga mihuri miwili.

Wiki ya saba baada ya hapo, meli kutoka Mombasa ikamshusha Bibi Nasriya, mama yake Kheiria, katika bandari ya Matrah, na karatasi yenye muhuri wetu. Afisa wa bandari hakuweza kuisoma, akamleta ofisini. Kheiria akaitwa kufasiri. Akasoma: mwenye barua hii ni mtu wetu, aingie, akae, kwa amri ya Sheikh Thabit.

Sheikh angeweza kukana. Lakini alikwisha kuwaandikia wakubwa kwamba barua zote mbili alizitunga mwenyewe, kwa Kifaransa chake.

"Ni yangu," akasema polepole. "Karibu, mama."

Mama na binti wakakumbatiana, wakalia, hata nami nikatafuta faili la kuangalia. Bibi Nasriya akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Nnakushukuru, baba. Na Kifaransa chako kizuri! Hebu tukiseme." Akamtolea Kifaransa kirefu, kile kile cha majirani Wangazija, kisha akangoja jibu.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Sheikh atatufasiria," akasema Kheiria.

Sheikh akashika koo, akaashiria kwamba sauti imemkauka. Mwezi wa pili huu, idara nzima inaamrishwa kwa vidole.