Taya Langu na Skrubu Mbili

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mambo yamenyooka. Bi Ruwaida, mjane wa Wiyoni, yuko tayari kuolewa nami, ila hataki mume wa kupondewa chakula. Basi nitie meno, ndoa ifuate. Fundi wa milango kama mimi, meno yanishinde? Jirani yangu Husni naye anamtaka. Kila alasiri hupita barazani kwa Bi Ruwaida akitafuna muwa. Ana meno yote, hana haya.

Jumanne, 4 Februari
Kliniki. Daktari Jepchirchir asema jino la kupandikiza hukaa juu ya skrubu inayozamishwa mfupani. Ziko za titani, chuma kilichozoeleka miaka mingi, na za zirkonia, nyeupe kama kikombe, ila bado ngeni. Nikataka nyeupe. Akasema kasoro ni taya: meno yalitoka zamani, mfupa umelika. Kwanza aujaze mfupa, kisha tungoje miezi. Miezi! Nimeazima skrubu zake mbili za maonyesho, moja ya kila aina. Sikutaka kumsumbua kwa kumwambia.

Jumatano, 5 Februari
Fundi hupima mwenyewe. Nimetwaa mwimo wa mlango wa kale ulioliwa na mchwa, taya langu hasa. Nikazamisha skrubu, nikagonga kwa nyundo. Zirkonia ikapasuka. Titani nzima! Nikaita majirani washuhudie. Husni akaja na muwa wake, akaishika titani kwa vidole viwili, akaichomoa. Mtaa mzima ulicheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 6 Februari
Husni amenichongea kwa daktari. Nimerudisha skrubu moja na vipande. Hakukasirika. Alisema ndilo alilokuwa akinieleza: mbao ikioza, hakuna skrubu itakayoshika. Nikaitikia kwa adabu.

Kisha nikaenda Wiyoni kuaga, roho imenywea. Bi Ruwaida alikuwa amesikia yote. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa mtandio. Akasema, "Bwana Amini, Husni ana meno, lakini hajanichekesha hata siku moja. Nenda ukajazwe huo mfupa, nitakungoja. Kila jambo lina ndia yake." Nimerudi nyumbani nikiimba. Sijapata kufurahi hivi tangu niachwe na meno.

Ijumaa, 7 Februari
Anangoja! Mwanamke kama huyu hangojeshwi. Nimewaza sana baada ya sala. Sisi mafundi, mbao ikilika, huijaza unga wa msumeno na gundi, na kesho yake inashika msumari. Nimempigia daktari aniwekee titani, Jumatatu nakuja. Asihangaike na mfupa. Nitakuja na unga wangu mwenyewe, wa mbao ngumu ya mbambakofi.