Majani Yanayokwenda Chuo Kikuu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Assalaamu alaykum, dada Zulekha. Huko Msuka hamjambo? Mguu wako waendeleaje? Siye Wawi wazima, alhamdulillahi, ila moyo wangu. Kila siku nitaandika humu, nipige picha nikutumie kwa simu. Usimwonyeshe mtu.

Rahma wangu yuko likizo na kazi yake ya baiokemia. Akaushe majani ya mkarafuu kivulini, Jumamosi apande boti nayo mpaka maabara ya chuo, atazame kama yanazuia hicho kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Akikosa majani, anarudia mwaka! Sawa. Lakini Hamdan, mtoto wa jirani Mwatima, yuko darasa hilohilo, na majani yake yamelala chini ya chandarua kipya cheupe. Yetu juu ya gunia.

Jumanne, 5 Agosti

Wanawake wanne kibarazani kwa Mwatima, Hamdan akiwaeleza sukari ya damu. Wanne! Mwatima kanipigia kelele kwamba majani yetu kama malalo ya mbuzi. Nikamwombea dua. Si nzuri sana. Astaghfirullah.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Chandarua sina, udi ninao. Rahma alipokwenda kwa bibi yake, nikayafukiza majani, adhuhuri mpaka alasiri. Kitu kinachokwenda mbele ya maprofesa kinuke heshima. Nikayasomea na Ayatul Kursi.

Alhamisi, 7 Agosti

Rahma kanusa tu, kakaa chini, kalia. Kasema moshi umeingia kwenye majani, sasa maabara itapima udi. Kukausha mengine ni siku tano, boti keshokutwa. Wallahi nililia naye. Mwatima kachungulia dirishani: "Bi Mwanakhamis, bi harusi wako wa majani anaolewa lini?"

Kisha akaja Hamdan, na adabu zake zote, akampa Rahma nusu ya majani yake. Mwanangu kaokoka. Nikamshukuru. Kwa mdomo tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala, mtaa mzima Hamdan, Hamdan! Hata imamu kamtaja. Mimi niliyezaa msomi, hakuna anitajaye.

Rahma kafunga mfuko wa majani, kanambia nisiuguse. Sikuugusa. Nimeufungua tu, nikanusa. Dada, hayanuki chochote! Mwanangu aende chuo na majani ya watu, tena makavu hivi? Udi haufai, hilo nimefahamu, una moshi. Nijibu upesi, boti ni kesho asubuhi: niyarushie marashi ya mawaridi au ya asumini?