Samurai Ndani ya Fungate

Jumamosi, 10 Januari 2026

...na ndiyo maana nasema, uso ule ukiutazama alfajiri huna haja ya taa. Nasma! Mke wangu! Tangu jana baada ya swala ya Ijumaa. Nimeandika "mke wangu" mara kumi na nne nyuma ya kadi ya harusi na mkono haujachoka.

Leo ni siku ya kwanza ya fungate. Niko nyumbani kwa wakwe, hapa hapa Usagara. Siku saba sitoki, hata dukani. Bwana harusi akivuka kizingiti kabla ya siku ya saba, mtaa mzima unajua jambo moja tu: bibi harusi ana ila. Mlangoni kaketi Bi Mwanasiti, somo wake Nasma, aliyemfunda, anasuka ukili. Viatu vyangu kavikalia. Si utani. Vimo chini ya mkeka wake.

Sawa tu. Nitoke niende wapi? Asubuhi vipopoo, mchana kuku wa kupaka, na Nasma ananilisha kwa mkono wake. Wangenifungia hata mwaka.

Saa kumi simu ikalia. Picha, kutoka kwa Castory, fundi pikipiki. Nimeitazama mara tano. Wa kwanza, CAS. Wa pili, NAS.

Wa PILI!

Naandika hapa ili nisipasuke. Katika banda la gemu la Ernesti, vichochoro viwili kutoka hapa, kuna mashine ya samurai. Samurai anapaa kwenda juu, na kutoka juu wanamshukia maadui: miavuli ya karatasi inayotema risasi, vyura wakubwa kama pikipiki, taa zenye ndimi. Ukipata pointi nyingi kuliko wote unaandika herufi tatu, na zinakaa kileleni. Mwaka jana niliandika NAS. Nikamleta Nasma akaone. Mbele ya mashine ile ndipo nilipomwuliza kama atakubali kuolewa na mimi. Akakubali! Nikaapa jina lake halitashuka mpaka kiama.

Amewasimulia wenzake wote aliosoma nao. Ijumaa, fungate ikiisha, atawapeleka wapige picha chini ya jina lake.

Chini ya CAS? Mke wangu? Hajui. Na asijue.

Jumapili, 11 Januari

Mpango wa kwanza: jino. Mwenye jino hupelekwa hospitali, na njia ya hospitali inapita kwa Ernesti.

Nikashika shavu nikaguna. Machozi yakamlenga Nasma. Malaika! Bi Mwanasiti akaja, akanifumbua kinywa kama anayekagua ng'ombe mnadani, akauliza ni lipi. Nikaonyesha la kulia. Akasema dakika mbili zilizopita nilikuwa nimeshika kushoto. Nikasema yote mawili. Akasema basi ugonjwa umeenea, dawa yake ni karafuu pande zote mbili, na hakuna kutafuna mpaka kesho.

Mchana wakaleta pweza wa nazi. Mimi, uji. Nasma akasema hawezi kula huku mimi nateseka. Akala kidogo. Akala kidogo tena. Akamaliza sinia. Sijapata kuona mtu anakula kwa huruma namna ile.

Castory kaandika: "Bwana harusi, wewe kula pilau, sisi huku tunakula vichwa." Pilau! Sikumjibu. Ulimi ulikuwa na ganzi ya karafuu. Najua ujumbe hauandikwi kwa ulimi, lakini mwili ni mmoja.

Jumatatu, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Banda limejaa, kelele zao nazisikia mpaka chumbani. Moyo unaniuma kuliko jino.

Mpango wa pili, na huu ulikuwa wa kisomi. Nikampigia Alexander, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja kidato cha tatu. Nikamwambia acheze yeye, ashikishe mtu simu mbele ya mashine, nami nione kioo na kumwongoza kutoka hapa. Vidole vyake, akili yangu. Nasma alikuwa amelala baada ya chakula, mkono chini ya shavu, kama picha ya kalenda. Nikaanza kwa kunong'ona.

Hatua ya kwanza tukapita. Ya pili tukapita. Hatua ya nne yupo mwanamke mwenye vipepeo vya chuma, hatari sana, na hapo nadhani nilisahau kunong'ona. Nakumbuka nilisema: "Kata! Kata huyo! Usimwonee huruma mwanamke, mmalize kabla hajaamka!"

Mlango ukafunguka kwa teke. Bi Mwanasiti na mchi wa kinu. Mama mkwe na birika la maji ya moto. Nyuma yao majirani watatu ambao hata siwajui.

Mchi ukainuka. Kisha kutoka kwenye simu Alexander akalalamika: "Nimekufa bwana! Nimekufa tena!"

Nasma akaamka. Akanitazama mimi, akatazama mchi, akasema taratibu kwamba tulikuwa tunaangalia filamu. Bi Mwanasiti akasema filamu gani hiyo, maiti wanajitangaza wenyewe. Lakini mchi akaushusha. Simu akaichukua. Imekwenda chini ya mkeka, pamoja na viatu.

Aliniokoa bila kuuliza neno! Nani mwingine duniani ana mke kama huyu?

Jumanne, 13 Januari

Sina simu. Sina viatu. Nimefanya mazoezi kwa mwiko wa wali, ndio kijiti cha mashine, na vifungo vya mto ndio vitufe. Nasma akauliza kama nina jambo linalonisumbua. Nikasema sina. Nikamwuliza yeye. Akasema hana.

Raha iliyoje, ndoa isiyo na siri.

Jumatano, 14 Januari

Nimechana karatasi mbili. Mwandiko huu si wangu.

Baada ya alasiri Bi Mwanasiti alisinzia, ukili mkononi. Nasma alikuwa ndani anapakwa singo ya kulainisha ngozi na wanawake wa nyumba. Nikapanda pipa la maji uani, nikaruka ukuta. Nimevaa kikoi na kandambili za Nasma, za waridi, zenye maua. Zinanukia udi. Hata kandambili zake!

Nilipoingia bandani, wachezaji wakaachia vitufe. Ernesti mwenyewe aliacha kutafuna. Castory akaangalia kandambili, akaangalia kikoi, akauliza kama nimefukuzwa au nimetoroka, maana fungate bado siku mbili. Nikamwambia asogee. Akasogea. Akasema karibu kiti, bibi harusi.

Nikacheza. Jamani, nilicheza! Miavuli nikaikata kama karatasi, ingawa ni karatasi. Vyura wote chini. Mwanamke wa vipepeo, alifika akaondoka. Siri ya samurai ni kusubiri: ukishikilia kitufe cha upanga, risasi za adui zinamrudia mwenyewe. Watu wakaanza kujaa nyuma yangu. Nikafika kwa jitu la mwisho, jemadari mwenye ngome mgongoni. Zilibaki pointi mia nane kuipita CAS. Pigo moja! Nikashikilia upanga. Nikasubiri.

Mkono ukagusa bega langu.

Nikasema niache. Ukagusa tena. Nikageuka nimtukane. Baba mkwe! Mzee Mwinyijuma, na kofia yake ya vito na bakora. Nikaachia vitufe vyote nikasema shikamoo. Nyuma yangu nikasikia samurai anaanguka.

Akaitika marahaba. Akanitanguliza mpaka nyumbani, bakora nyuma yangu.

Uani wanawake walikuwa wameacha kuimba. Bi Mwanasiti alikuwa ameanza kukunja mashuka ya harusi. Jirani mmoja alisema, na nilisikia, kwamba maskini Nasma, hata siku tano hazijatimia mume kakimbia. Nimewekwa chumba cha wageni. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa simwoni mke wangu, na ukuta ni mmoja tu kati yetu. Nimeugonga. Nimeugonga tena.

Ee Mola. Nimefanya nini?

Alhamisi, 15 Januari

Wameniketisha barazani asubuhi. Wazee wanne. Nasma nyuma ya pazia.

Baba mkwe akauliza swali moja tu: mwanawe ana ila gani? Nikasema hana. Akauliza basi nimekimbia nini. Nikatazama mkeka. Nikasema gemu.

Mzee mmoja akaomba nirudie, akasema masikio yake hayako sawa. Nikarudia. Akasema afadhali yangekuwa masikio.

Hakuna aliyeniamini! Mtu aache fungate, aache bibi harusi, kwa ajili ya kitoto kinachoruka kwenye kioo? Wakaanza kusema maneno ya kumrudisha kila mtu kwao. Nilitaka kulia. Nililia, kidogo.

Hapo akabisha hodi Castory. Nikajua amekuja kunimaliza. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, akasema yeye ni Mkatoliki na mambo ya fungate hayajui, ila hili analijua: huyu mjinga hakumkimbia mkewe, alikuja kuandika jina lake. Akawaeleza yote, NAS, CAS, kiapo cha mpaka kiama. Aliponiita mjinga alirudia mara tatu. Bado natafuta nia yake mbaya ilikuwa nini.

Pazia likatikisika. Nasma akasema alijua.

ALIJUA! Tangu Jumamosi. Mwenzake alimtumia picha ile ile. Akanyamaza ili nisiumie, na wenzake akawaambia safari ya picha imevunjika. Akasema jina kileleni halimpi kitu, yeye alimtaka mwenye vidole. Ila jana, aliposikia nimeruka ukuta, ndipo alipoumia kweli, kwa sababu kwa saa nzima, mpaka baba yake aliponirudisha kutoka kwa Ernesti, hakujua ni kwa ajili ya nini.

Nikaomba radhi mbele ya wote. Nikaapa sitaigusa tena mashine ya Ernesti. Wakamwuliza Nasma kama ananipokea. Nilihesabu pumzi. Tisa. Akasema ananipokea, lakini nirudishe kandambili zake.

Bi Mwanasiti akatoa hukumu: fungate iliyokatika haiungwi. Inahesabiwa upya kuanzia kesho, siku saba kamili, na pipa la maji linahamishwa.

Tulipoinuka baba mkwe akanivuta pembeni. Nikajua sasa bakora. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini sikumkata jemadari upande wa kushoto, palipokuwa wazi. Alikuwa amesimama nyuma yangu dakika nne nzima!

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya pili ya fungate ya pili. Nani mwingine duniani amepewa asali mara mbili? Wenzake Nasma walikuja jana, wakapiga picha dirishani, mimi na yeye nyuma ya nondo. Nimetokea vizuri.

Nimejifunza mengi wiki hii. Mapenzi si herufi. Mume ni kutulia. Nimemwambia Nasma hivyo, akanibusu kwenye paji la uso. Sitaki tena makuu.

Leo tulizungumza habari za ndugu, polepole, kama watu wazima. Akanisimulia shangazi yake, Bi Hasina, anayekaa Maramba, ambaye magoti yalimzuia kuja harusini. Maskini! Nyumba yake inatazamana na mashine ya kusaga, na mwenye mashine ya kusaga, Nasma akasema huku anakula tende, ameweka gemu kibarazani kwa ajili ya wanaosubiri unga. Nikauliza gemu gani, bila haraka. Akasema hajui, kuna mtu wa Kijapani anaruka na upanga.

Tende ikanipalia.

Ati hakuna aliyevuka hatua ya tatu. Kilele kizima cha Maramba kitupu! Kiapo changu nimekipitia neno kwa neno. Nilitaja ya Ernesti.

Lakini sifikirii hayo hata kidogo. Nafikiria magoti ya shangazi. Heshima kwa wakwe ni nusu ya ndoa, na mgonjwa hutazamwa, hasubiriwi. Nimemwomba Bi Mwanasiti anirudishie simu dakika moja tu, nikampigia Bi Hasina mwenyewe, nikamwamkia, nikampa neno langu la kiume: fungate ikiisha tu, kabla mwezi huu haujakwisha, shangazi, tunakuja kukutazama.