Shangingi la Mwaka Mzuri

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kabisa! Hoteli mpya imenipa kazi ya mapazia: vyumba arobaini, ghorofa mbili. Miaka kumi na moja nauza mapazia na sijawahi kupata kazi ya zaidi ya vyumba sita, na katika hivyo sita, vitatu vilikuwa vya mama mkwe. Mapazia ya ghorofa ya kwanza yafike Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ya pili, Jumatano inayofuata. Meneja alisema kwa upole wa kutisha kwamba nikichelewa hata dakika moja, kazi itakwenda kwa mwingine.

Mama Watoto hakushangilia. Alivuta kiti, akatia uzi kwenye cherehani, akaanza kushona. Yeye ni mke wangu, fundi wetu, na kwa maoni yake mwenyewe, mkurugenzi wetu.

Dosari moja tu. Nilikwenda hotelini na Bi Mkubwa, gari letu kuukuu lenye mgongo mrefu na keria ya mizigo juu. Linakohoa, lakini halijawahi kulala njiani. Mlinzi alilitazama, akanielekeza geti la kuingizia mboga. Wakati huohuo akapita Jirani wa Magodoro, mwenye duka lililopakana na langu, ndani ya shangingi lake, gari kubwa la kifahari. Yeye anawauzia magodoro. Mlinzi akapiga saluti. Akafungua geti kuu mabawa yote mawili!

Roho iliniuma, sifichi. Nahitaji shangingi.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti. Duka limefungwa nusu siku kwa ajili ya elimu.

Nimegundua jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mashangingi yanafanana sura, lakini hayafanani mwaka. Lile la 2010, springi zake za upepo zinavuja. La 2014, umeme wake una wazimu. Lakini la 2012! Hapo walikuwa wamekwisha kurekebisha makosa ya zamani na hawajaanza makosa mapya. Nimeandika yote kwenye daftari, wino mwekundu kwa miaka mibaya, kijani kwa mizuri. Kijani kimetumika mara moja tu.

La Jirani ni la 2010. Wino mwekundu! Nilimwuliza, kama mtu anayeuliza habari za hewa, linatembeaje mpaka leo. Akasema anabadilisha oili kwa wakati, anakagua springi kila miezi mitatu, na alilijua gari hilo tangu likiwa kwa mmiliki wake wa kwanza. Anaficha kitu.

Shemeji yangu, kaka yake Mama Watoto, ni fundi magari. Alipita kunywa chai, akaliona daftari. Akasema mwaka ni sawa na umri wa mtu. Unakwambia amezaliwa lini, haukwambii kama ni mzima. Akanisihi nisishike gari lolote kabla yeye hajalala chini yake na kulitazama. Nikaitikia. Kuitikia si kukubali. Shemeji akijua, dada yake amejua.

Jumatano, 5 Machi

Nimelipata! Jeupe, linang'aa, lipo uwanjani kwa dalali mmoja mcheshi sana. Dalali kasema ni la 2012. Kadi halisi iko ofisini kwa watu wa usajili, inashughulikiwa.

Nikatabasamu. Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka wa kusajiliwa si mwaka wa kutengenezwa, hilo hata mtoto anajua. Nikatumia mbinu ya wataalamu. Unauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, na kule chini unakuta lebo ndogo imeshonewa, yenye tarehe ya kutengenezwa. Nikavuta yote mitano. Yote ya mwisho wa 2011! Mkanda hutengenezwa kabla ya gari, maana yake gari ni la 2012. Nani atabishana na mikanda mitano?

Dalali alistaajabu. Alisema katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kukutana na mteja mwenye ujuzi wa namna hii. Alistaajabu mpaka ikabidi ageuke pembeni na kuziba mdomo. Namba ya chesisi iko chini, akasema, lakini kuna matope, na mtu anayeijua mikanda ana haja gani ya kulala matopeni? Nilikuwa na suruali yangu ya rangi ya maziwa. Hoja nzito.

Ndani kunanukia. Nilihesabu vining'inio saba vya manukato. Mwenye gari alikuwa mtu msafi.

Na bei? Hakuna bei! Tumebadilishana: mimi nampa Bi Mkubwa, yeye ananipa shangingi, mkono kwa mkono. Anasema anayapenda magari ya zamani. Nilijizuia nisicheke mbele yake, maskini.

Shemeji sikumwita. Sikutaka kumsumbua kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Watoto alitoka nje, akalitazama shangingi. Akapapasa paa lake tupu. Kisha akauliza Bi Mkubwa yuko wapi. Nikamweleza. Akauliza fimbo za mapazia, za mita tatu kila moja, zitakaa wapi kwenye gari lisilo na keria. Nikamweleza habari za mikanda. Akauliza kama mapazia ya hoteli tutayatundika kwenye mikanda. Kisha akauliza kaka yake amesemaje, nami nikakumbuka kwamba nilikuwa na mteja dukani.

Jirani alikuja, akalizunguka, akachuchumaa. Akataka kujua kama nimelitazama kwa chini. Wivu mtupu! Nikaliegesha kwenye nafasi yake ya kivulini ili azoee.

Alasiri nikaona kioja. Jirani anarudi, ameketi ndani ya Bi Mkubwa! Kumbe dalali alimuuzia palepale. Anasema alikuwa akilimezea mate siku nyingi, maana analijua lilivyotunzwa, na keria ile itabeba magodoro manne. Nilimwonea huruma. Wengine wanapanda, wengine wanashuka.

Jioni shangingi limeonekana fupi kidogo. Nadhani ni mwinuko wa barabara.

Ijumaa, 7 Machi

Historia lazima iandikwe.

Asubuhi gari lilikuwa fupi zaidi. Nikawasha, likapumua, likainuka. Nikamwambia Mama Watoto kwamba yanapumzika hivyo. Tukapakia mapazia ya vyumba ishirini. Mama Watoto akakaa nyuma, amezungukwa na vitambaa mpaka kidevuni. Fimbo tukazitoa dirishani, kioo kimeshushwa kadiri ya kiganja kimoja.

Tukafika hotelini saa tano na robo. Mlinzi akatuona. Akanyooka, akapiga saluti! Nilishuka ili niipokee vizuri, maana nimeisubiri maisha yangu yote.

Hapo dashibodi ikawaka taa zote, nyekundu na njano, kama duka la vifaa vya umeme. Gari likatoa pumzi ndefu. Likaanza kuketi. Nyuma kwanza, halafu mbele, polepole, mpaka matairi yakazama ndani na tumbo likagusa lami, katikati ya geti kuu. Mkono wa mlinzi ulikuwa bado kwenye paji la uso.

Kisha milango ikajifunga. Yote. Ufunguo haufanyi kazi, vioo havishuki. Mke wangu ndani, mapazia ndani, mimi nje na tai yangu. Saa tano na nusu! Kutoka pale mpaka mlango wa hoteli ni hatua thelathini. Maji yalinifika shingoni. Nilimwambia meneja kwa simu kwamba tumefika, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mama Watoto hakupiga kelele. Alimpigia kaka yake simu. Kisha akazisukuma fimbo nje moja moja, akaanza kupitisha mapazia kwenye ule upenyo wa dirisha. Kila pazia amelikunja jembamba, amelitajia chumba chake. Jirani wa Magodoro, aliyekwama nyuma yetu na Bi Mkubwa akileta magodoro, akashuka bila kuombwa, akapokea. Mlinzi akapokea. Mimi nikashika tai isije ikanasa. Pazia la mwisho liliingia hotelini saa sita kasoro dakika nne.

Meneja alitoka kuangalia. Akalipita shangingi kama halipo, akashika upindo wa pazia, akaugeuza, akauliza nani ameshona. Nikaonyesha dirisha. Akainama, akampa Mama Watoto mkono kupitia upenyo, akamwambia ghorofa ya pili anaikabidhi kwake, kwa jina lake.

Shemeji alikuja, akafungua mlango, akamtoa dada yake. Kisha akalala chini na tochi, akaisoma namba ya chesisi. 2010. Anasema gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko, viti vikaoza, ndipo wakang'oa viti na mikanda ya gari jingine la 2012 lililopata ajali.

Kwa hiyo mikanda ilisema kweli! Nilimweleza Shemeji hivyo. Akaomba maji ya kunywa.

Jumapili, 9 Machi

Simu ya dalali haipatikani. Uwanja wake una mtu mwingine, anauza matofali.

Mama Watoto amekwenda mwenyewe kwa Jirani. Robo saa tu. Jirani anachukua shangingi awe na vipuri vya lake, kwa kuwa ni mwaka uleule, nasi tunarudishiwa Bi Mkubwa. Muungwana yule. Hakucheka mpaka alipofika dukani kwake, ingawa ukuta wetu ni mwembamba.

Jioni Mama Watoto aliniketisha. Alisema gari halikumuuma. Lililomuuma ni kwamba nilimficha kaka yake ili yeye asijue, kisha nikampakia yeye ndani ya gari hilo. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kutazama miguu. Nikaomba radhi. Akasema funguo zitakaa kwake, na ghorofa ya pili ikiharibika, duka atalihamisha na cherehani yake, mimi nibaki na fimbo. Hakuwa akitania.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimekabidhiwa ufunguo. Mama Watoto ana homa kidogo, na ghorofa ya pili lazima ifike kabla ya saa sita. Ameniambia mara tatu: moja kwa moja hotelini, moja kwa moja nyumbani. Mara ya tatu alinishika sikio.

Nimetafakari sana kosa langu. Kosa lilikuwa mikanda. Mkanda ni kitambaa, na kitambaa hubadilishwa. Muuza mapazia nisijue hilo? Lakini kioo! Kila kioo cha gari kina alama ndogo pembeni inayotaja mwaka. Nani atabadilisha vioo vyote sita?

Njiani kuna uwanja mwingine wa magari. Huyu dalali anavaa tai, mtu makini. Nilisimama dakika tano tu. La buluu, viti vya ngozi. Nikakagua vioo vyote, kimoja kimoja, mpaka kile kidogo cha nyuma. Vyote 2012! Dalali hakuamini macho yake. Naye anayapenda magari ya zamani. Mkono kwa mkono, bila nyongeza, na ilibidi tufanye haraka kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine njiani anakuja.

Naandika haya nikiwa nimeegesha mbele ya hoteli. Saa nne kamili! Sijawahi kuwahi hivi. Gari halijashuka hata kidole kimoja. Meneja mwenyewe ametoka kunipokea, anatabasamu, na wahudumu wanne nyuma yake wamenyoosha mikono.

Anauliza mapazia yako wapi.

Yamo ndani ya Bi Mkubwa.