Ng'ombe wa Aliyefikisha Tangazo

Telesphory aliuona mlango wa riziki siku redio ya Gungu ilipoanza kusoma majina ya watu waliopotezana wakikimbia vita vya Burundi. Redio yenyewe ilikula kwa matangazo ya sabuni. Haya ya waliopotezana iliyasoma bure. Lakini nani kule Kalinzi angejua? Akaazima koti, akachomeka kalamu tatu mfukoni, akapanda mlima kwa pikipiki akijiita mwakilishi wa redio. Karatasi moja ya tangazo, jogoo mmoja.

"Huko studio wanakujua kweli?" aliuliza Marcelina Inamahoro. Mwaka wa tatu ule tangu apotezane na dada yake Catherine mpakani, na jogoo alikuwa naye huyo mmoja tu.

"Mama, Veneranda mtangazaji nakula naye sahani moja. Wewe sikiliza kesho jioni."

Tuseme kweli: Veneranda hakuwahi kumwona hata kisogo. Karatasi ziliishia kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda, jogoo wakaishia sufuriani. Mwizi mwenye haya angezichoma. Huyu alizitunza, eti kazi lazima iwe na kumbukumbu.

Marcelina alisikiliza redio ya jirani miezi minne. Tangazo la sabuni akalijua kwa moyo. Jina la dada yake hakulisikia. Ndipo akashuka kwa miguu mpaka studio, akaongea na aliyeongea naye. Kesho yake akamkuta Telesphory mgahawani.

"Mwakilishi, Mungu akubariki. Dada amepatikana. Ana boti mbili, na anataka kumpa ng'ombe aliyefikisha tangazo. Ila wameshajitokeza watu watatu, kila mmoja anasema ni yeye. Dada anamtaka mwenye karatasi mkononi."

Hapa duniani hakuna aliyejua kuliko Telesphory kwamba tangazo lile halikusomwa. Lakini ng'ombe ni ng'ombe. Alikimbia nyumbani, akarudi na rambo zima, kwa sababu kutafuta karatasi moja kungemchelewesha.

Alimkuta Marcelina ameketi na mwanamke aliyejitanda kitenge mpaka machoni.

"Ndiye dada," alisema Marcelina. "Furaha imemkaba koo."

"Pole, dada Catherine." Telesphory alimwaga karatasi mezani. "Yako imo humu. Nilimkabidhi Veneranda kwa mkono wangu. Aliisoma mara tatu, ya tatu akilia, halafu akanirudishia niitunze."

Mwanamke alizikusanya zote, akazitia kikapuni. Ndipo akafungua mdomo.

"Nililia saa ngapi?"

Mgahawa mzima ukageuka kumtazama. Sura ile hakuna aliyeijua. Sauti ile, kutoka Kalinzi mpaka Mwamgongo, hata mbuzi waliijua.

"Dada Veneranda," alisema Telesphory taratibu. "Kumbe ndivyo ulivyo."

Kwa kuwa jogoo alishaliwa, Marcelina alikwenda akabeba redio ya Telesphory, na hakuna aliyemzuia. Jioni ile aliisikia karatasi yake ikisomwa, ya sita kati ya arobaini na moja. Catherine wa kweli akapatikana Mwamgongo, akianika dagaa wa watu, nusu siku kwa boti. Miezi minne wametenganishwa na mchuzi wa jogoo, na mimi hilo halinichekeshi.

Telesphory naye, aliposikia kwamba dada amepatikana kweli, alituma mtu akaulize ng'ombe ataletwa lini.