Marehemu wa Dirisha la Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeusoma mkataba wangu wa simu. Kwa mara ya kwanza! Kurasa kumi na tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mimi ni kinyozi, chawa nawajua. Lakini kazi safi namna ile sijapata kuiona. Hakuna mahali pa kupenyeza hata wembe. Aliyeuandika ni bingwa. Nimemvulia kofia, peke yangu dukani.

Shida ni hii. Simu zetu mbili, yangu na ya mke wangu, ni za mkataba, na zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Na mtandao wa kampuni haufiki dukani wala nyumbani. Nikitaka kuongea napanda juu ya tangi la maji nyuma ya duka. Jana Mama kapiga. Nimesikia "jicho", nimesikia "Jumamosi", nimesikia "Mungu akipenda", kisha kimya. Mke wangu ndiye aliyeunga vipande: Mama anatolewa mtoto wa jicho Ijumaa, bandeji inafunguliwa Jumamosi. Yuko kwa dada yangu, safari ya siku mbili. Sisi kazi yetu ni kusubiri simu.

Simu gani sasa?

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimegusana na duka langu, ana mtandao mwingine. Anaongea amekaa! Anacheka na watu huku sindano iko mdomoni. Leo kaniita kwa sauti, mtaa mzima usikie: "Jirani, shuka huko utavunjika. Njoo utumie yangu."

Bora nivunjike.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Ukurasa wa kumi na nne: mkataba hukoma mteja akifariki.

Basi nitafariki kesho, saa nne asubuhi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amekubali kupeleka taarifa. Machozi anayo karibu. Harusini kwetu alilia mpaka wapiga muziki wakasimama. Mke wangu kauliza tunanong'ona nini. Nikasema mambo ya wanaume. Akasema haya. Hiyo "haya" yake siipendi.

Jumatano, 5 Machi

Yaliyonipata sijui niyaandikeje.

Ofisi yao! Milango ya vioo inafunguka yenyewe, kana kwamba ilikuwa inakungoja wewe tu. Sakafu unajiona mpaka ndevu. Baridi tamu. Nilikaa viti vya nyuma na miwani myeusi, nishuhudie kifo changu.

Dirisha la tatu kuna dada mmoja. Anachapa bila kutazama vidole. Shemeji akaanza vizuri sana, bega linatikisika, leso imelowa. Dada akampa pole, akampa maji ya kunywa, akauliza nimefariki kwa maradhi gani. Hilo hatukulipanga. Shemeji akasema nimeanguka kutoka juu ya tangi. Hata mimi nilijihurumia.

Dada akasema ataihakiki namba kwanza. Akapiga.

Sasa, mle ndani mtandao umejaa hadi juu! Tangu niimiliki simu hii sijawahi kuisikia ikilia kwa nguvu zake zote. Ilikuwa kama tarumbeta. Watu wakageuka. Nami, Mungu nisamehe, nilipagawa na uzuri wa ule mlio. Nikapokea. Nikasema haloo.

"Pole sana kwa msiba," akasema dada, simuni na dirishani kwa pamoja. Sauti safi! Nilimsikia mpaka anapovuta pumzi.

Nikamwambia ahsante. Tukaondoka. Shemeji aliendelea kulia hadi kituo cha basi, alishindwa kujizuia.

Alhamisi, 6 Machi

Hila mpya. Nitawakera mpaka wanifukuze wenyewe. Saa tatu nimepanda tangini nikapiga huduma kwa wateja, matusi nimeyapanga kichwani kutoka madogo kwenda makubwa.

Akapokea mwanamke. Sauti gani ile! Aliniita "mpendwa mteja wetu". Nilianza na tusi dogo. Akanishukuru kwa maoni. Nikaenda la kati. Akasema anaelewa kabisa ninavyojisikia. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuelewa kabisa ninavyojisikia. La kubwa likayeyuka mdomoni.

Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimekubali kutumiwa utabiri wa hali ya bahari kila asubuhi. Hapa kwetu bahari hakuna.

Fundi viatu kaniona nikishuka. Kapiga kisigino cha kiatu mara tatu, taratibu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili niko juu ya tangi. Saa tatu, saa nne. Simu imekufa mkononi kama jiwe. Nilimwaza Mama kitandani, macho yamefungwa, anauliza kama nimepiga. Nikaona aibu. Wiki nzima nimepoteza nikishindana na makaratasi.

Saa tano mke wangu akaniita kutoka kibandani kwa fundi viatu. Kumbe tangu Jumatatu alimtafuta dada yangu kwa simu ya fundi, akampa namba ile! Hakuniambia. Alisema angeniambia ningekataa, au ningeanzisha hila nyingine.

Nikashuka. Fundi akafuta simu kwa kitambaa chake cha rangi ya viatu, akanipa kigoda chake, yeye akasimama.

"Mwanangu," akasema Mama, karibu kama vile yuko chini ya meza. "Wamefungua bandeji. Naona."

Nikamuuliza anaona nini.

"Dada yako ana mvi! Hakuniambia. Na ukuta huu ni wa kijani, mimi siku zote nilidhani ni wa bluu. Na kuna sisimizi, baba. Anapita dirishani na kitu kichwani. Namwona na mzigo wake."

Fundi viatu alitazama juu, kope zinapigapiga. Sauti ya mama yangu imekuja umbali wote ule, hewani, bila waya, kuniambia habari za sisimizi mmoja. Nani aliyebuni jambo hili? Nililia mbele ya watu, na Shemeji hakuwepo hata anisaidie.

Nilimshukuru fundi. Akasema jirani ni jirani, akadai kigoda chake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda dirisha la tatu bila hila. Nimemwambia dada ukweli, kwamba nataka kutoka. Akachapa, akatazama, akachapa tena. Akasema mkataba wangu uliisha Desemba. Tangu hapo niko huru. Kufungua simu ni dakika mbili.

Nikamuuliza mbona hakuniambia Jumatano.

"Jumatano ulikuwa marehemu," akasema. "Na hukuuliza."

Mwanamke yule anastahili kuongoza nchi.

Fundi viatu kanishauri ninunue laini kama yake, ya kawaida, isiyo na mkataba. Mke wangu kasema hivyohivyo. Nimewaahidi wote wawili.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa njiani kwenda kuinunua hiyo laini. Sasa pale kwenye kona kuna kampuni mpya, wameweka meza, mwavuli mkubwa na spika. Na mkataba wao, jamani! Karatasi nzito kama ya cheti cha ndoa. Kurasa arobaini, pembeni zina rangi ya dhahabu. Sikuusoma. Kitu kizuri namna ile huwezi kukiharibu kwa kukisoma.

Miezi thelathini na sita. Nimetia sahihi mara saba, na ya saba ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Muuzaji amesema mtandao wao haujafika mtaa wetu bado, ila mnara uko njiani.

Nimetoa kiti nje ya duka. Nimekaa natazama barabara, nisije nikaukosa mnara ukipita.